Pichi ya kriketi ya nyasi bandia: namna ya kuijenga na kuitunza

Pichi ya nyasi bandia, yaani ule ukanda wa katikati ya uwanja wa kriketi ambako mpira hurushwa na kupigwa, huharibikia chini kwanza, na ubovu huo huonekana juu miezi mingi baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka. Nimesimamia ujenzi wa pichi kadhaa za shule na vilabu vidogo katika ukanda wa pwani ya Tanzania, na karibu kila palipotokea malalamiko ya mpira kudunda ovyo, kosa lilikutwa kwenye udongo, kokoto au zege. Kwa hiyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye msingi kuliko kwenye zulia, yaani nyasi bandia zenyewe, ingawa zulia ndilo linalokula sehemu kubwa ya fedha na ndilo wafadhili wanalopenda kulipiga picha.

Pichi ya udongo wa asili inadumu kwa kazi ya kila siku: inahitaji udongo wa mfinyanzi wa aina maalumu, roli zito, maji ya kutosha na mtu mwenye ujuzi ambaye hana kazi nyingine. Shule nyingi hazina hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo sababu wachezaji wa zamani wa Afrika Mashariki walizoea kutandika mkeka wa makumbi ya nazi juu ya ardhi ngumu iliyoshindiliwa, na zulia la leo ni mrithi wa mkeka ule. Aliyewahi kucheza juu ya mkeka uliolegea anajua kwamba mkunjo mdogo tu unatosha kuupeleka mpira kwenye mbavu za mpigaji, na tatizo hilo halikuondoka kwa kuja kwa nyuzi za plastiki.

Vipimo

Umbali kati ya wiketi mbili, yaani vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila upande wa pichi, ni mita 20.12, na upana wa pichi ya kawaida ni mita 3.05. Kwa pichi isiyo ya udongo, sheria za kriketi zinazotunzwa na Marylebone Cricket Club, klabu ya London, zinaruhusu eneo dogo zaidi, yaani urefu usiopungua mita 17.68 na upana usiopungua mita 1.83. Urefu huo wa chini ni sawasawa na umbali kati ya mistari miwili ya mpigaji, ile inayochorwa mita 1.22 mbele ya kila wiketi, maana yake ni kwamba mrushaji atatua nje ya zulia. Hilo linakubalika kisheria, lakini sikushauri ulifanye, kwa sababu baada ya msimu mmoja utakuwa na shimo pale mguu wake unapotua, na kifundo cha mguu kitakachoteguka hapo kitakugharimu imani ya wazazi.

Ukiweza, jenga pichi yenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 2.75. Ukitoa mita 20.12 za kati ya wiketi, unabaki na karibu mita 3 na sentimita 94 nyuma ya kila wiketi, nafasi inayomtosha mrushaji kupiga hatua zake za mwisho akiwa juu ya zulia. Vipimo nitakavyovitaja kuanzia hapa vinafuata ukubwa huo.

Kuchagua mahali na mwelekeo

Pichi ilazwe kutoka kaskazini kwenda kusini. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huzama karibu na magharibi kamili mwaka mzima, kwa hiyo pichi iliyolazwa mashariki kwa magharibi humfanya mpigaji wa upande mmoja acheze akiwa amepofushwa kila mechi inapofika saa kumi na moja jioni. Kupinda kidogo kwa ajili ya umbo la kiwanja hakuna madhara makubwa.

Fikiria pia nani mwingine anautumia uwanja huo. Shule ikiwa na kiwanja cha mpira wa miguu, usikubali pichi iwekwe katikati yake kwa ahadi kwamba itafunikwa kwa udongo msimu wa ligi, kwa sababu udongo huo utaingia kwenye nyuzi na hautatoka, na viatu vyenye njumu vitaichakaza pichi kabla kriketi haijaanza. Mahali pazuri ni ile nafasi iliyo kati ya viwanja viwili. Vilevile angalia maji yanapopita wakati wa masika: nenda uwanjani mvua ikinyesha, ukiwa na mwavuli na vigingi vinne, utie alama mahali ambapo maji hayasimami. Ziara hiyo moja ina manufaa kuliko ramani nyingi.

Msimu wa kazi

Pwani, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo inayofaa zaidi. Masika yamepita, ardhi ina unyevu kiasi tu, na jua la kipupwe halilikaushi zege kwa ghafla. Januari na Februari ni pakavu, lakini joto la wakati huo hulifanya zege lipasuke usipolimwagilia mfululizo, na gundi huwahi kukauka kabla zulia halijanyooshwa.

Kuchimba na kupima

Anza kwa kupigilia vigingi vya pembe nne na kuvuta kamba. Pembe ya mraba hupatikana kwa kanuni ya mafundi ya 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Baada ya hapo pima mishazari ya mstatili wote, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala; kila mmoja unapaswa kuwa mita 28 na sentimita 13, na ikiwa miwili hiyo haifanani, usianze kuchimba hata kama fundi anakuhakikishia kwamba tofauti ni ndogo.

Chimba sentimita 20 hadi 25, ukiondoa udongo wote wa juu wenye mizizi. Ukikutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kama ulivyo sehemu nyingi za Nairobi, hesabu zinabadilika: unapaswa kuendelea kuchimba angalau sentimita 30 zaidi, kisha ujaze kifusi kizuri chekundu na kukishindilia kwa tabaka. Hakuna zege la kawaida la shule linaloweza kupambana na udongo huo. Kwenye mchanga wa pwani shida ni nyingine, kwa sababu maji hupotea vizuri lakini kingo hukimbia, kwa hiyo kingo imara ni za lazima. Sakafu ya shimo ishindiliwe kwa mashine ikiwa na unyevu, hadi kisigino cha kiatu kisiache alama.

Zege au kokoto?

Msingi wa zege hudumu miaka mingi bila kuguswa, unavumilia kusahauliwa, na mpira hudunda juu yake kwa urefu na kasi. Msingi wa kokoto na vumbi la mawe lililoshindiliwa hutoa mdundo unaokaribiana zaidi na wa udongo wa asili, na hupitisha maji moja kwa moja, lakini unahitaji mtu wa kuusawazisha tena kila baada ya msimu au miwili. Makocha wengi hupenda wa pili. Mimi huuliza swali moja tu kabla ya kuamua: je, kuna mtu, mwenye jina na mshahara, atakayeinua zulia na kurekebisha msingi mwaka kesho? Jibu likiwa ni kamati, basi mwaga zege.

Hatua za msingi wa zege

Tandaza kifusi au kokoto unene wa sentimita 10 hadi 12 na ushindilie. Simamisha mbao za kingo pande zote, ukizipima kwa pima maji na kamba. Pichi iwe sawa kabisa kwa urefu wake, na kwa upana iteremke kwa kiasi kisichozidi asilimia 1, maana yake ni kwamba upande mmoja utakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 2.75 au pungufu. Mteremko huo humwaga maji ya mvua bila mpigaji kuuhisi. Juu ya kifusi laza karatasi nene ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa chuma uliopandishwa kwa vipande vya mawe ili ukae katikati ya unene wa zege. Wavu ulioachwa chini kabisa hausaidii kitu, na ndiko mafundi wengi huuacha msimamizi akienda kunywa chai.

Unene wa zege uwe sentimita 10, nayo ni jumla ya meta za ujazo 7.7. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) andaa karibu mifuko 50 ya saruji ya kilo 50, mchanga meta za ujazo 3.5 na kokoto meta za ujazo 7, ukiongeza kidogo kwa ajili ya upotevu. Maji yawe machache kadiri kazi inavyoruhusu, kwa maana zege lililolegea kama uji ni rahisi kulisambaza lakini hunywea na kupasuka. Kwa sababu upana ni mita 2.75 tu, ubao mmoja ulionyooka unaweza kukaa juu ya kingo zote mbili na kuvutwa na watu wawili kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo usawa wa pichi unapopatikana. Malizia kwa mwiko wa mbao, usilisuguze mpaka ling'ae, kwani gundi inahitaji mahali pa kushika.

Zege litapasuka hata ukifanya kila kitu sawa, kwa hiyo liamulie wewe mahali pa kupasukia. Ndani ya siku moja baada ya kumwaga, likate kwa msumeno wa zege kina cha sentimita 2.5 katika kila mita 4, ili upate vipande 7. Mgawanyo huo una faida ambayo haionekani haraka: kwa kuwa wiketi iko karibu mita 4 kutoka mwisho wa zege, mkato wa kwanza unapita karibu sana na vijiti, na eneo lililo kati ya mita 4 na mita 8 kutoka kwenye wiketi, ambako warushaji wazuri hulenga mipira yao mingi, linabaki ndani ya kipande kimoja kisicho na mkato. Ukitaka mashimo ya vijiti, acha kisanduku kidogo cha mbao hapo hapo kwenye mstari wa wiketi na baadaye ujaze udongo wa mfinyanzi. Kwa shule za msingi ninapendelea vijiti vyenye kitako cha chuma na springi, kwa sababu vinahamishika na havimlazimishi mtu kutoboa zulia.

Funika zege kwa magunia na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Usibandike zulia kabla ya siku 28. Hata baada ya siku hizo, gundisha kipande cha nailoni cha mita moja ya mraba juu ya zege kwa utepe usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, subiri. Katika shule moja ambako sikusisitiza jambo hili, zulia liliumuka kama andazi mwezi wa pili, na tulilazimika kulichana.

Hatua za msingi wa kokoto

Hapa kingo ndizo zinazoshikilia kila kitu. Miongozo ya Ulaya husema mbao zilizotiwa dawa, lakini huku kwetu mchwa hawasomi miongozo, na nimeona ubao wa inchi mbili ukigeuka ganda tupu ndani ya mvua mbili. Tumia kingo za zege, kisha ufunge juu yake, kwa upande wa ndani, vipande vya plastiki ngumu ambavyo misumari ya zulia itashika. Tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji ili udongo usipande, halafu mwaga kokoto zilizovunjwa, zenye pembe, si zile za mviringo za mtoni, kwa tabaka mbili zisizozidi sentimita 8 kila moja, ukishindilia kila tabaka kwa mashine. Andaa takriban meta za ujazo 15 za kokoto ambazo hazijashindiliwa.

Juu yake weka vumbi la mawe sentimita 3 baada ya kushindiliwa, ukilimwagilia kidogo, ukilivuta kwa ubao na kulishindilia mara kadhaa. Kazi hii ndogo ndiyo inayostahili siku nzima. Ubao ulionyooka wa mita 3 ukiwekwa popote juu ya msingi, usiwe na upenyo unaozidi milimita 5 chini yake. Kisha chukua mpira wa kriketi, uudondoshe kutoka urefu wa mita 2 kila baada ya mita moja kwa urefu wote wa pichi, na mwenzako aandike unapofika. Usijali sana namba yenyewe, jali pale unapobadilika ghafla, kwa kuwa hapo chini kuna mfuko uliolegea. Jaribio hilo hilo linafaa kwenye zege pia kabla ya kubandika zulia.

Kutandika zulia

Chagua zulia lililotengenezwa kwa ajili ya kriketi, lenye nyuzi fupi za karibu milimita 9 hadi 11, lenye kinga dhidi ya miale ya jua, na lisilohitaji kujazwa mchanga. Zulia la bustani za hoteli ni laini mno na mpira huzama, tena nyuzi zake hulala upande mmoja na kuupindisha mpira. Nailoni hustahimili misuguano kuliko polipropilini, ila bei yake iko juu. Agiza kipande kimoja kwa urefu wote, pamoja na mita 2 za ziada kwa ajili ya viraka vya baadaye. Zulia la viraka vya baadaye likitoka kwenye bunda jingine, rangi na ugumu vitatofautiana.

Likunjue juani kwa nusu siku au zaidi ili mikunjo ya bunda itoke yenyewe. Juu ya zege paka gundi ya polyurethane kwa mwiko wenye meno, sehemu kwa sehemu, watu wawili wakivuta zulia na wa tatu akisukuma roli kutoka katikati kwenda pembeni. Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, wala usianze ukiona wingu la mvua. Juu ya kokoto, pigilia upande mmoja kwanza kwa misumari isiyoshika kutu, kila sentimita 10 hadi 15, kisha vuta kwa urefu, halafu kwa upana. Pwani chumvi ya hewani hula misumari ya kawaida haraka, na msumari ulioinuka kwenye pichi ni hatari kwa goti la mtoto.

Rudisha udongo wa pembeni hadi ulingane na uso wa zulia na uteremke taratibu kwenda nje kwa mita 2 au 3. Ukiacha ukingo juu ya ardhi, mpira uliorudishwa na mdakaji utaugonga na kuruka usoni mwa mtu.

Mistari

Mstari wa kurushia hupita kwenye wiketi na urefu wake ni mita 2.64, vijiti vikiwa katikati. Mstari wa mpigaji uko mita 1.22 mbele yake, nao huendelezwa mpaka pembeni mwa zulia na nje yake. Mistari miwili ya pembeni inakaa mita 1.32 kila upande kutoka kijiti cha kati na kurudi nyuma. Tumia rangi nyeupe ya maji, tabaka jembamba mara mbili. Rangi ya mafuta hukausha nyuzi zikawa kama waya na hukatika.

Matunzo

Fagia kila wiki kwa fagio gumu la nailoni, ukifagia kinyume na mlalo wa nyuzi ili zisimame. Majani yaliyoachwa yakaoza ndiyo yanayoleta ukungu wa kijani, hasa upande ulio na kivuli cha mwembe, na ukungu huo ukilowa huteleza. Ng'oa magugu ya kingo yakiwa madogo. Mashine ya kukatia nyasi isijazwe mafuta wala kuegeshwa juu ya pichi, kwani petroli inaweza kulegeza gundi na tone moja la oili halitoki.

Viatu vyenye meno ya chuma vipigwe marufuku kwa maandishi, na tangazo libandikwe mahali wageni wanapovalia. Soli za mpira zinatosha. Pikipiki, mbuzi na vigingi vya mahema ya harusi vina sheria hiyo hiyo, na katika uzoefu wangu mahema ndiyo yanayoharibu zaidi, kwa sababu anayekodisha uwanja kwa sherehe siyo anayeijua kriketi.

Mara moja kwa mwezi pita na ubao ulionyooka na nyundo ya mpira. Kwenye zege, gonga taratibu usikilize mahali panapotoa sauti ya utupu, hapo gundi imeachia. Kwenye kokoto, tafuta mabonde mahali pawili: pale mrushaji anapotua, na pale mpigaji anapogonga gongo lake akisubiri. Bonde likizidi milimita 5, ng'oa misumari ya eneo hilo, inua zulia, kwaruza vumbi la juu, ongeza jipya lenye unyevu, shindilia, pima, rudisha. Kumwaga vumbi juu ya bonde bila kukwaruza hutengeneza ganda linalovunjika baada ya mechi mbili.

Zulia hulika mapema zaidi kwenye hatua za mrushaji. Kata kipande cha mraba kilichochakaa kwa kisu kikali na rula ya chuma, kata kiraka kutoka kwenye zile mita 2 ulizohifadhi, ukihakikisha nyuzi zinalala upande ule ule, na ubandike kwa gundi ile ile. Kiraka kisifike eneo la mita 4 hadi 8 kutoka kwenye wiketi. Uchakavu ukifika huko, wakati wa kubadilisha zulia lote umefika, jambo ambalo kwa jua letu na matumizi ya kila juma hutokea kati ya mwaka wa tano na wa kumi. Siku hiyo, kabla zulia jipya halijashushwa kwenye gari, rudia jaribio la kudondosha mpira juu ya msingi mtupu, kila mita, na ulinganishe na namba zilizoandikwa siku ya kwanza.